Shogi Ilikuwa Hapa Kabla ya Boksi la Alumini

Wasee, tangu niseme kwamba Desemba tunaenda Moyale na pikipiki, watu watatu, pikipiki tatu, siku sita kwenda na kurudi, inboksi yangu imejaa swali moja. Si petroli. Si tutalala wapi. Ni hili: umenunua boksi gani? Kuna mmoja alinitumia picha ya masanduku ya alumini, yale ya kung'aa yenye pembe kali, ya kufungwa pande zote mbili za pikipiki, na bei iko chini ya picha. Maze, kwa hiyo bei ningepata karibu nusu ya pikipiki nyingine.

Nitajibu, lakini nitajibu na historia. Niliacha chuo mwaka wa pili, kusoma sikuacha, na hii miezi miwili nimekuwa nikisoma kuhusu mizigo. Ndiyo, mizigo. Watu wa sehemu hii ya dunia walikuwa wanasafiri wiki na miezi na vitu vizito, bila gari, na karibu kila kitu ambacho muuzaji wa boksi atakuambia leo kuna mtu alikijua hapa akiwa miguu mitupu. Lakini kuna swali moja ambalo muuzaji hatakuuliza, kwa sababu halimhusu: nani alichagua huo mzigo, na nani aliubeba? Ukisoma historia yetu, hao wawili ni nadra sana kuwa mtu mmoja.

Tuanze na neno. Mikoba ya pembeni ya pikipiki sisi huita kwa Kiingereza, kama vile Kiswahili hakijawahi kuona mzigo umening'inia pande mbili za kitu kinachotembea. Kimeona. Neno ni shogi. Liko kwa kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na watu wa Pwani walilijua kabla ya Johnson kuzaliwa: mfuko mkubwa wa kusukwa, unalazwa juu ya mgongo wa punda, mdomo wake uko katikati, halafu unaushindilia vitu hadi unakuwa mifuko miwili, mmoja huku mmoja kule. Punda wa Lamu hadi leo anabeba mchanga na mawe ya kujengea namna hiyo hiyo, uzito ukigawanywa pande mbili, maana vichochoro vya Lamu gari haliingii. Na mwenye punda anajua jambo moja ambalo limeandikwa kwa kila kitabu cha pikipiki: upande mmoja ukizidi mwingine, mnyama anatembea kombo, na mwishowe mzigo unazunguka na kwenda chini ya tumbo.

Kwa hivyo kuanzia hapa nitasema shogi. Mkizoea mtazoea.

Sasa, punda alikuwa na bahati ya kuishi Lamu. Bara mambo yalikuwa tofauti. Ukitoka Bagamoyo karne ya 19 ukielekea Tabora na Ujiji, unapita maeneo ya mbung'o, na mbung'o anaua farasi, anaua ng'ombe, anaua punda wengi pia. Gurudumu lisingesaidia kama hakuna wa kulivuta. Basi pembe za ndovu zilizoshuka Pwani, na nguo ya merikani, shanga na waya za shaba zilizopanda bara, zote zilipita juu ya bega au kichwa cha mtu. Huyo mtu aliitwa mpagazi, na wapagazi waliojulikana zaidi walikuwa Wanyamwezi.

Mzigo wa mpagazi mmoja ulihesabiwa kwa frasila. Frasila moja ni ratili 35. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, karibu kilo 32. Hiyo ni kabla ya vitu vyake mwenyewe: mkeka wa kulalia, chungu, silaha, chakula. Kilo 32 ni zaidi ya mtungi wa gesi wa kilo 13 ukiwa umejaa. Ubebe huo mtungi hadi Tabora halafu uje tuongee kuhusu begani kunakouma.

Lakini angalia akili iliyokuwa hapo. Richard Burton, Mwingereza aliyeondoka Pwani mwaka 1857 kwenda kutafuta Ziwa Tanganyika, alikuwa na mdomo mchafu sana juu ya Waafrika, na sipendekezi umsome ukiwa na hasira. Ila macho alikuwa nayo. Aliandika jinsi robota la nguo lilivyofungwa: nguo zinakunjwa na kukazwa ziwe kama mto mrefu, halafu zinazungushiwa vijiti ili robota lisipoteze umbo, na vijiti vinaachwa virefu upande mmoja. Kwa nini virefu? Ili ukipumzika usiweke mzigo chini. Unauegemeza kwenye mti, na ukitaka kuendelea unaingiza bega tu na kuondoka. Kuinua kilo 32 kutoka chini mara kumi kwa siku kunaweza kukumaliza kuliko kutembea kwenyewe.

Sasa chukua pikipiki. Hiyo fremu ya chuma ambayo boksi linafungwa juu yake, inayotenganisha mzigo na gurudumu na kuufanya usiyumbe, kazi yake ni ile ile ya vijiti vya Wanyamwezi. Kabla hujauliza boksi gani, uliza litakaa juu ya nini. Begi la bei juu sana bila fremu litaingia kwa spoki siku ya kwanza, na hapo ni wewe na Mungu wako.

Kitu kingine nilichopenda. Msafara haukuwa unaenda mbali siku ya kwanza. Walikuwa wanatoka mjini kwa mbwembwe, ngoma, kiongozi mbele na bendera, halafu wanapiga kambi karibu tu, pengine unaweza kurudi kwa miguu kabla ya jua kuzama. Watu wa nje walidhani ni uvivu. Ilikuwa ni ukaguzi. Hapo ndipo unajua nini kimesahaulika, kamba gani imelegea, nani amepewa mzigo usiobebeka. Na asubuhi za kwanza zilikuwa vurugu, kila mtu akikimbilia mzigo mwepesi au wenye umbo zuri. Wanyamwezi hawakuwa watumwa wa safari, wengi walikuwa wafanyakazi wa kulipwa, na walijua bei yao. Walibishana kuhusu mshahara, waligoma, na wakionewa sana waliweka mzigo chini na kupotea usiku. Posho yao ilikuwa kama kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, karibu robo tatu ya kilo, na ni kutoka hapo neno posho lilizunguka Afrika Mashariki nzima hadi likafika kwa sahani yako.

Fanya hiyo hesabu ya posho kidogo, tutaihitaji. Mtu akibeba kilo 32 za nafaka na anakula robo tatu ya kilo kwa siku, baada ya siku 43 hivi amemaliza mzigo wote peke yake. Hajafikisha kitu popote. Amejibeba tu.

Hesabu hiyo iliua watu.

Mwaka 1914 Waingereza na Wajerumani walianza kupigana hapa kwetu kwa vita ambavyo havikuwa vyetu. Mjerumani, jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliamua kutoroka na kuvutia majeshi ya Uingereza kusini, mbali na reli, hadi Msumbiji. Jeshi linalofukuza linahitaji chakula na risasi. Magari yalikuwepo machache. Hata pikipiki zilikuwepo: mwaka 1916 Afrika Kusini ilileta kikosi kizima cha wanajeshi wa pikipiki kuja kupigana Tanganyika. Fikiria, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, pikipiki zikisukumwa kwenye mchanga na miiba. Halafu mvua ikaja, njia zikawa tope, na injini zikalala.

Mtu hakuruhusiwa kulala. Walichukuliwa wanaume kutoka kila mahali, Ukambani, Nyanza, Kikuyu, Pwani, Unyamwezi, wakaingizwa kwa kitu kilichoitwa Carrier Corps, ambacho midomo yetu ikakifanya Kariokor, na Dar es Salaam ikawa Kariakoo. Mwaka 1917 ndio ulikuwa mbaya zaidi. John Ainsworth alipewa kazi ya kutafuta watu kwa maelfu, na machifu wakaambiwa walete idadi. Kama chifu hakuelewana na baba yako, unajua aliyeenda.

Na ile hesabu ya posho ikaanza kufanya kazi. Kadri jeshi lilivyoenda mbali na reli, ndivyo wabebaji walivyohitaji wabebaji wengine wa kuwabebea chakula, na hao nao wakahitaji wengine. Wengi waliletwa unga ambao hawakuuzoea, ukapikwa nusu kwa sababu ya mvua na haraka, ukawachoma matumbo. Kuhara, nimonia, malaria. Risasi iliua wachache. Hesabu rasmi ya wabebaji waliokufa upande wa Mwingereza ni zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi ni kubwa zaidi, maana aliyeanguka msituni bila mtu wa kumwandika hakuhesabiwa. Ukipita Kenyatta Avenue pale Nairobi kuna sanamu ya watu watatu wa shaba. Mmoja wao ni mbebaji. Nimepita hapo mara mia nikikimbilia matatu za Ruiru, na nilikuwa nadhani wote watatu ni askari.

Sasa hapa ndipo nataka usimame kidogo na mimi. Mpagazi wa Unyamwezi wa mwaka 1857 alikuwa na nafasi ya kusema huu mzigo ni mkubwa, sitaki. Miaka 60 baadaye, mtu wa Kariokor hakuwa nayo. Kamba zile zile, bega lile lile. Kilichobadilika ni nani anapanga.

Nirudi nyumbani. Cucu yangu, mama ya mama, ana alama juu ya paji la uso. Ukiweka kidole unaisikia, ni kama mfereji. Ni alama ya mukwa, ule mkanda wa ngozi ambao wanawake wa Kikuyu walivalia kichwani, mbele hapa, na mzigo unalala mgongoni. Kuni, maji, viazi, kahawa ya kupeleka fakitari, kiondo kikiwa kidogo ndio hicho hicho. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na kwa makaratasi ya serikali iliitwa tramu, lakini tramu au reli, ilikuja kuchukua mazao ya mashamba makubwa. Haikuja kuchukua kuni za cucu ya mtu. Kutoka shambani hadi barabarani ilikuwa mukwa.

Mwaka 1986 jarida kubwa la sayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa hapa Kenya. Profesa Geoffrey Maloiy na wenzake walichukua wanawake Waluo, wanaobeba kichwani, na Wakikuyu, wanaobeba kwa mukwa, wakawatembeza wakiwa wamebeba mizigo na kupima hewa wanayotumia. Walipata kitu ambacho wengi hawakukiamini. Mwanamke aliyezoea alibeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wake bila kutumia nguvu ya ziada hata kidogo. Kama ana kilo 60, kilo 12 za kwanza ni bure. Mwili unazipokea kana kwamba hazipo. Baada ya hapo ndipo gharama inaanza kupanda, na inapanda na kila kilo.

Huu utafiti watu huupenda vibaya. Nimeona posti zikisema ona jinsi mama wa Kiafrika alivyoumbwa kubeba. Hapana. Soma tena. Asilimia 20 ni bure, si mia. Cucu hakuwa anabeba kilo 12, alikuwa anabeba gunia, na hilo alililipia kwa shingo na magoti, na analipa hadi leo kila asubuhi akiinuka. Nilipomuuliza kwa nini alibeba nyingi hivyo, aliniangalia kama mtoto wa mjini niliye, akasema, "Kuni ungerudia mara mbili, na watoto wamebaki na nani?"

Mimi pikipiki yangu si mguu, najua, na hiyo namba haikupimwa kwa injini. Lakini nimeichukua kama sheria yangu binafsi. Nina kilo 64. Mzigo wangu wa Moyale, ukitoa maji na petroli ya akiba, hautapita kilo 13. Nitawaambia nilivyofika hapo, lakini kwanza tupite kwa stage.

Boda boda ilianza Busia na Malaba, baiskeli za kuvusha watu na bidhaa kati ya Kenya na Uganda miaka ya 60, jina likitoka kwa wito wa dereva: mpaka hadi mpaka, kwa Kiingereza cha haraka. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipunguza kodi kwa pikipiki ndogo, zile za chini ya cc 250, na India na China zikajibu. Kila kijana aliyetafuta kazi akasikia ni pikipiki. Hapa Gitothua ukisimama dakika kumi utaona historia nzima ya mizigo ikipita: kreti za mkate zimepangwa juu kuliko dereva, mitungi ya gesi minne, kuku wamefungwa miguu, sofa. Sofa ya watu watatu, wasee. Na hao jamaa ndio mafundi wa kufunga kuliko mtu yeyote mwenye chaneli ya video, mimi nikiwemo. Hawatumii kamba za kununua zenye ndoano, zile zinazokurukia jichoni. Wanakata tyubu kuukuu ya lori iwe mikanda mirefu. Mpira wa tyubu unavutika lakini hauachi, unashika chuma, haukatwi na pembe haraka, na unauza shilingi ngapi, hamsini? Kama unataka kujifunza kufunga mzigo, nunulia mmoja chai na umtazame. Utaona anaanza na kizito chini na mbele, karibu kabisa na kiti, halafu anajenga kurudi nyuma. Hakusomea. Aliona gurudumu la mbele likipanda juu siku moja na hakusahau.

Lakini rudi kwa lile swali. Pikipiki nyingi pale stage si za anayeziendesha. Ana mwenyewe anayengoja hesabu yake jioni. Mzigo umechaguliwa na mteja. Bei imesemwa na mteja. Kilicho cha yule kijana ni mgongo wake tu na miguu miwili.

Binamu yangu alipewa mifuko mitatu ya simiti na jamaa wa mjengo. Kilo 150 kwa pikipiki ya cc 150, na yeye mwenyewe juu. Alisema mbili. Akaambiwa kama ni mbili, kuna wengine hapo nje. Akabeba tatu. Kwa tuta la kwanza mbele ikawa nyepesi, usukani ukaanza kucheza, na mguu wake wa kushoto ukabaki chini ya kila kitu. Huyo jamaa wa mjengo alipopigiwa simu aliuliza kama mifuko imepasuka. Hiyo ni miaka mitatu iliyopita na binamu yangu bado anapanda ngazi akitanguliza mguu mmoja.

Ndiyo maana hili swali la boksi limenikaa kichwani hivi. Mara ya kwanza kwa ukoo wetu, nikihesabu nyuma hadi ninapojua, kuna mtu anaenda safari ya siku nyingi na mzigo aliouchagua mwenyewe, kwa sababu anataka tu kuona Marsabit. Hakuna chifu. Hakuna mteja. Halafu nianze kwa kubeba kilo za mtu mwingine kwa sababu niliona kwa video?

Hizo video tuziongelee. Boksi la alumini lilipata umaarufu mkubwa baada ya Ewan McGregor na Charley Boorman, waigizaji wawili wa Uingereza, kuzunguka dunia na BMW kubwa mwaka 2004, halafu mwaka 2007 wakashuka kutoka Scotland hadi Cape Town, wakipitia hii hii barabara ya Moyale na Marsabit wakati ilikuwa bado mawe na vumbi. Safari nzuri, niliipenda. Lakini ukitazama vizuri kuna magari yanawafuata na watu na vifaa. Msafara ule ule, mbele mwenye jina, nyuma mzigo. Ukitaka mfano wa kweli nakupa Theresa Wallach na Florence Blenkiron, wanawake wawili waliotoka London Desemba 1934 na pikipiki ya Panther ya cc 600 yenye kiti cha pembeni na tela nyuma, wakakata Sahara na kufika Cape Town Julai 1935. Hawakuwa na gari nyuma. Walikuwa na spana.

Haya, jibu sasa.

Sinunui alumini. Masanduku mawili na fremu yake yanapita kilo 10 kabla hujaweka hata soksi, na hapo sheria yangu ya kilo 13 imekwisha nikiwa bado kwa geti. Yanapanua pikipiki, na mimi naishi mahali ambapo nafasi kati ya matatu mbili ni upana wa mabega. Na ukianguka kwenye changarawe, sanduku gumu linaweza kukukamata mguu. Uzuri wake ni mmoja: linafungwa na kufuli. Kama unalala mjini kila usiku na unaacha pikipiki nje, na una pikipiki kubwa ya kulibeba, nakuelewa, chukua. Mimi ninaingiza mikoba kwa chumba.

Nimeshonewa shogi. Fundi ni yule anayeshona viti vya matatu na maturubai ya lori hapa Ruiru, nilimchorea kwa karatasi na akacheka, akasema hiyo ni ya punda. Nikamwambia haswa. Ni kipande kimoja cha turubai kinachopita juu ya kiti nyuma yangu na kushuka pande mbili, kila upande mfuko mmoja, mdomo unakunjwa mara tatu na kufungwa ili maji yasiingie. Upande wa bomba la moshi ameweka tabaka mbili na kipande cha bati, kwa sababu bomba linayeyusha na kuunguza chochote kinacholigusa, na fremu ya chuma ya welda inausukuma mfuko mbali na gurudumu na bomba. Elfu tatu na mia tano, pamoja na fremu. Ikipasuka Laisamis, mtu yeyote mwenye sindano kubwa na uzi ataishona. Alumini ikipinda huko, utaitafutia nani?

Ndani: vifaa na tyubu ya akiba ndio vizito, vinaingia chini kabisa, upande wa pili wa bomba, na upande wa bomba naweka chakula na sufuria hadi mizani iseme sawa. Mizani ni ya duka la nafaka, mama ananiruhusu asubuhi kabla ya wateja. Nguo na blanketi, nyepesi, ndizo zinakaa juu kwa keria, zimefungwa na mpira wa tyubu, mikanda miwili inayopishana. Kitu kizito usikiweke kwa keria nyuma ya ekseli hata kama kinakaa vizuri kwa picha. Kitabu cha pikipiki yako kina namba ya uzito wa juu kabisa inayoweza kubeba. Toa kilo zako, toa za abiria kama yuko, kinachobaki ndicho chako. Ongeza upepo kidogo tairi la nyuma kama kitabu kinavyosema, kaza shokomzoba, na kila ukisimama kuweka petroli ushike kila kamba kwa mkono. Kwa macho hutaona.

Vitu nilivyotoa: jiko la gesi, viatu vya pili, tripodi kubwa, jaketi la pili. Drone ya rafiki yetu bado tunabishana. Yeye anasema ni yake. Sisi tunasema basi aibebe yeye, isipitishwe kwa shogi ya mtu mwingine tukifika Isiolo.

Na kabla ya Desemba tunafanya kama wale wa msafara. Jumamosi ijayo, na mzigo wote kama wa Moyale, tunatoka Gitothua, Thika, Kenol, Makutano hadi Sagana, tunalala hapo, tunarudi. Kilicholegea tutakijua. Nitapiga video ya kila kamba, hata ile itakayotuaibisha.

Wakati huo huo, kama nyumbani kwenu kuna cucu au mama mkubwa ambaye bado ameweka mukwa wake mahali, mwombe ruhusa kwanza, halafu unitumie picha. Nataka kuona zilivyoshonwa pale ngozi inapokutana na kamba. Fundi wangu ameniuliza na sikuwa na jibu.